Kwenda Kuiona Meli Bila Hodi

Tangu nirudi sijapita soko la Mau Narok bila kushikwa mkono. Kila mtu anataka kujua kama ni kweli nililala ndani ya lori, kama bahari inanuka, na kama ni mimi niliyetaka kuwaharibia watu mkopo. Nimechoka kurudia hadithi ile ile nikiwa nimebeba kabichi. Nimeandika yote hapa, mpitishiane, na yule ambaye ataendelea kusema nilienda kustarehe Mombasa aje aniambie usoni.

Kwa wasio kwenye kikundi chetu: sisi tunalima maua ya mabua marefu, yale yanayopenda baridi ya huku, kwa vipande vidogo kando ya viazi. Miaka yote yalienda Ulaya kwa ndege. Sasa mnunuzi amesema ndege inachafua hewa kupita kiasi, na kuanzia msimu ujao anataka maua yaende kwa meli, yakiwa yamelala ndani ya kontena la baridi karibu mwezi mzima. Ili yalale vizuri lazima yaingie baridini mara tu yanapokatwa, na sisi hatuna chumba cha baridi. Taasisi moja ya mikopo pale Nakuru ilikubali kutukopesha tukijenge, kwa riba nafuu, mradi maua yapande meli inayotimiza vigezo vyao vya mazingira. Tusipopata chumba, mnunuzi anaondoka. Mimi nilikuwa nimeshang'oa viazi vyote nikapanda maua, na mume wangu hajaacha kunikumbusha.

Kwenye mkutano, mwenyekiti wetu Mzee Rotich aliuliza swali moja tu.

"Hiyo meli, nani ameiona?"

Hakuna aliyekuwa ameiona.

"Sasa tunampatia mtu ng'ombe na hatujui boma yake?"

Mnajua anachozungumzia. Ng'ombe wako akienda kulishwa kwa rafiki, una ruhusa ya kufika huko siku yoyote, bila kutuma ujumbe na bila kupiga hodi, uangalie maji, chumvi na mahali anapolala. Hufiki mikono mitupu. Mwenyeji naye hakasiriki, anakupa maziwa unywe kwanza, maneno baadaye. Katika kikundi tuko watu wa makabila mbalimbali, lakini kwa jambo hilo wote walitikisa kichwa kukubali. Nikachaguliwa mimi kwa sababu, walisema, huwa ninauliza maswali mpaka watu wanatafuta njia ya kutokea.

"Na usipige simu mbele," Mzee Rotich aliniambia. "Ukipiga simu utaonyeshwa boma imefagiliwa."

Kutoka Mau Narok hadi Njoro

Lori lilifika kwenye banda letu asubuhi ya ukungu, likiwa na kontena jeupe mgongoni na injini ndogo ya kupoza ikinguruma mbele yake. Dereva alikuwa Wafula, mtu wa Nakuru, mnene, mcheshi, anayezungumza na lori lake kuliko anavyozungumza na watu. Maboksi yalipangwa mbio mbio. Hayo yalikuwa maua ya majaribio, kidogo kutoka kwa kila shamba, na kila mtu alisimama hapo akitazama boksi lake likipotea gizani.

"Mathe, hiyo mlango si ya kuchungulia! Baridi inatoka!" Wafula alinifokea; mathe kwake ni mama yeyote.

Nilipanda na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nilichokifunga kwa leso, na mfuko wa viazi vya kuchemsha. Wafula alitazama kibuyu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mwenye meli."

Alicheka mpaka tukafika Njoro. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuiona meli. Nikamwambia sijawahi, na ndiyo maana nakwenda. Yeye alizaliwa kwenye nyumba za reli pale Nakuru. Babake alifanya kazi reli, na babu yake alitoka magharibi kuja kurusha makaa kwenye injini za gari moshi.

"Huyo mzee alikohoa mpaka akazikwa," alisema. "Tukiwa watoto tulidhani wazee wote hukohoa hivyo. Kumbe ni ile moshi."

Milimani, kwa Njeri

Ofisi ya mkopo iko ndani ya nyumba ya zamani huko Milimani, yenye ua mkubwa na miti ya kivuli. Wafula aliegesha nje na injini ya kupoza ikaendelea kunguruma, kwa sababu haizimwi. Tulikuwa hatujamaliza chai mlinzi wa nyumba ya pili alipokuja kusema mwenye nyumba anauliza kama hiyo ni posho mill ya kusaga mahindi.

Njeri ndiye afisa aliyekuwa akishughulikia maombi yetu. Ni msichana mwembamba wa viatu vyeupe vya raba, na nilipomwambia sitaki barua wala hotuba, nataka kuelewa meli nzuri ni ipi, alivuta kiti karibu kama aliyengoja swali hilo mwaka mzima. Watu wenye pesa huko mbali, alisema, wamechoka kukopesha vitu vinavyochafua dunia halafu waje kuulizwa. Kwa hiyo wameweka vigezo. Wanaangalia meli inatoa moshi kiasi gani kwa mzigo inaoubeba na umbali inaoenda. Wanaangalia inachoma mafuta gani, na ikikaa bandarini inafanya nini kuhusu moshi wake. Wanapenda ile isiyokimbia sana, kwa sababu meli ikiongeza mwendo inakunywa mafuta kupita kiasi.

"Ngoja," nikasema. "Iende polepole ndio isichafue. Na maua yangu yanangoja ndani?"

Njeri alishika kichwa. "Mama, hapo ndipo tunapigana kila siku. Polepole, lakini si polepole sana."

Halafu akataja kigezo cha mwisho, ambacho sikukitarajia. Wanauliza meli itafia wapi.

Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba meli ikizeeka huuzwa, na nyingine hukokotwa hadi kwenye ufuo fulani wa mbali, watu wakaikatakata kwa mikono, mafuta na sumu zikaingia baharini. Kwa hiyo mwenye meli anatakiwa aseme mapema, meli ikiwa bado nzima, kwamba siku yake ikifika itavunjwa mahali panapofaa. Mimi nimenunua ng'ombe wengi, nimeuliza mama yake alikuwa na maziwa kiasi gani, lakini sijawahi kuuliza mbali hivyo.

Meli yetu ilikuwa imepita vigezo vyote. Alinitajia jina lake, linaanza na herufi S, akanionyesha picha yake, nyeupe juu na buluu chini. Nikaipenda.

"Niwapigie wale wa Mombasa waku-arrangie uingie?"

"Usithubutu," nikamwambia. Nikamweleza mambo ya ng'ombe na hodi. Alinisikiliza akiwa amekunja midomo ili asicheke.

Chini ya Longonot

Tulipita Gilgil vizuri na Naivasha vizuri, nikaanza kujisifu moyoni. Kwenye barabara ya chini, Longonot ikiwa upande wetu, ile injini ya kupoza ikapiga kelele kisha ikanyamaza. Mkanda wake ulikuwa umekatika. Wafula hakuwa na mwingine.

Sijawahi kuona kimya kikubwa namna ile. Kwenye kontena kuna saa ya kuonyesha baridi, na mshale wake ukaanza kupanda, taratibu, mbele ya macho yangu. Jua la pale si jua la Mau Narok. Nilitaka kufungua mlango nione maua yanaendeleaje, na Wafula akasimama mbele yangu kama golikipa.

"Ukifungua umeyaamsha. Na yakiamka hayalali tena."

Alimpigia fundi wa Mai Mahiu, naye fundi akasema yuko njiani. Wafula aliniambia nisifurahi, mafundi wote wako njiani tangu wazaliwe. Madereva wengine wakasimama kutusaidia kwa ushauri. Mmoja alisema tumwagie kontena maji. Mwingine, mzee wa kofia ya sufu, alisema kosa letu ni kushuka bondeni; maua ya baridi tungeyapitisha Kinangop. Alinichorea njia nzima kwa kijiti mchangani, na hakuna hata sehemu moja iliyofika Mombasa. Mama mmoja wa chai alikuja na chupa yake na chapati, akakaa nasi kando ya barabara. Aliuliza maua yanakwenda wapi, nikamwambia.

"Mwezi mzima kwa maji? Na huko hakuna maua?"

"Kuna. Lakini wanataka yetu."

"Wazungu ni watu wa kujisumbua," alisema, akaniongeza chapati bila kunilipisha.

Fundi alifika kwa pikipiki, mkanda ameuvaa shingoni kama shanga. Injini ilipowaka ilitoa wingu jeusi, Wafula akalipigia makofi. Mimi nilikuwa nimekodolea ule mshale, na uliporudi chini nilijikuta nalia kidogo, jambo ambalo Wafula kwa heshima zake alijifanya halioni.

Kushuka, na kuvua sweta

Kuanzia hapo sina mengi. Tulipanda ukuta wa bonde ndani ya ukungu, tukaipita Nairobi, tukaendelea kushuka. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na koti. Koti nililivua Emali, sweta ya kwanza Mtito Andei, ya pili Voi, na nilipofika Mariakani ningeweza kuvua na ngozi. Ndiyo, nililala ndani ya lori, kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, na Wafula akaegesha kando, akalala ameinamia usukani. Viazi vyangu tulivila vyote na chumvi.

Mombasa, nje ya lango

Wafula alikuwa na ruhusa ya kuingia bandarini. Kontena lilikuwa na ruhusa. Hata maua yalikuwa na ruhusa. Mimi niliachwa nje na kibuyu.

"Mama, jina lako limo?" mlinzi aliniuliza, kijana mpole mwenye sauti ya chini.

"Halimo. Nimekuja bila kuitwa, ndiyo desturi."

Nikamweleza yote, ng'ombe, boma, chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho, nampa heshima yake. Kisha akasema, "Mama yangu, hapa hapana ng'ombe."

Nikaona labda nimekosea kuanza kwa maneno kabla ya maziwa. Nikamimina mursik kwenye kikombe cha chupa yangu, nikampa kwa mikono miwili. Alichungulia ndani, akaona zile chembe nyeusi.

"Haya maziwa yameungua?"

"Hapana, huo ni mkaa. Tunasugua kibuyu kwa mkaa wa mti maalumu, ndio unaleta ladha."

Alipiga funda moja, akameza kama anayemeza dawa ya malaria, akaniambia ahsante sana, Mungu akubariki. Lango halikufunguka. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta hadi jua likazama, nikalala kwenye nyumba ya wageni ya madereva huko Miritini, asubuhi nikarudi. Nilijiona mjinga. Kuna wakati niliwaza Mzee Rotich angekuwa hapo yeye mwenyewe, na desturi yake, tuone.

Kumbe Wafula kule ndani alikuwa anamwambia kila mtu kwamba kuna mathe wa Mau Narok nje amekuja kukagua meli. Habari zikamfikia wakala wa meli. Mchana akatoka mwanamke wa buibui jeusi, kofia ngumu juu ya mtandio, ana haraka.

"Ndiwe mama wa maziwa?" Ndiye huyo wakala, jina lake Salma. "Mbona hukutujulisha? Tungekupokea vizuri."

"Ndiyo sababu sikuwajulisha."

Alinitazama, kisha akacheka kicheko cha kweli, akaenda kunitafutia ruhusa, fulana ya kung'aa na kofia.

Chini ya meli

Meli si kitu cha kuelezwa. Fikirieni jengo refu la Nakuru limelazwa chali, halafu wanalipakia. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka Salma akanishika mkono nisigongwe na gari. Ndipo nikatafuta jina nyuma ya meli, na halikuanza na herufi S. Lilianza na K. Rangi haikuwa buluu, ilikuwa nyekundu iliyochakaa, na bomba lake lilikuwa linatoa moshi mweusi.

"Hii siyo," nikasema.

"Ile yenu imekwenda matengenezo," Salma akajibu bila kificho. "Hii imeshika zamu yake. Hutokea."

"Na wale wa mkopo wanajua?"

"Mimi sijawaambia. Hawakuniuliza."

Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Kwake mzigo unaingia melini, meli inaondoka, kazi imekwisha. Niliomba kuongea na mtu wa hiyo meli. Akashuka fundi wa injini, mtu wa nchi za mbali za Asia, mfupi, macho yamechoka, Salma akawa anatufasiria. Nikampa mursik kwanza, safari hii sikukosea. Alipoona zile chembe nyeusi alinionyesha kucha zake, nyeusi vilevile, akanywa kikombe chote na kuomba kingine. Jamani, nilifurahi kuliko nilivyofurahia meli.

Nikamuuliza kama meli inaungwa umeme wa nchi kavu ikiwa bandarini, ili izime injini. Hapana. Kama inakwenda polepole. Inakwenda inavyoamriwa, na mara nyingi inaamriwa ikimbie. Nikamuuliza ikizeeka itafia wapi.

Salma alifasiri, na yule bwana akaweka kikombe chini. Alisema meli aliyofanyia kazi kabla ya hii aliikuta baadaye kwenye picha, imevutwa ufuoni, imekatwa katikati, watu wanatembea peku ndani ya injini aliyoisafisha yeye. Hii hajui. Wao hawaambiwi.

Wafula alikuwa amefika na ameelewa hali. Alinivuta pembeni.

"Mathe, nyamaza tu. Meli ni meli. Ukisema, hao watu wa Milimani watashika mkopo, na wewe ndio utaambiwa umeharibu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Niliwaona nyote, boksi kwa boksi. Nikaliona shamba langu lisilo na kiazi hata kimoja. Nikiwa kimya, chumba cha baridi kingejengwa, na nani angejua? Lakini nilikuwa nimetumwa kuona boma, nikakuta ng'ombe amepelekwa kwa mtu mwingine. Nikampigia Njeri.

Nikamweleza nilichokiona. "Inaanza na herufi gani?" aliuliza. Nikamwambia tena. "Sawa, mama. Itabidi niwaambie wakubwa, na mkopo utasimama. Maua nayo?"

Kuyarudisha ilikuwa kuyaua. Nikasema yaende, angalau tujue kama yanaamka. Tulilitazama kontena letu likinyanyuliwa juu, dogo sana, na nikalipungia mkono kama mshamba. Salma pia akapunga.

Nyumbani

Mkutano niliouletea habari hizi mnaukumbuka, wengi mlikuwepo. Yule jirani yangu, simtaji, alisema, "Tulikutuma uangalie, hatukukutuma useme." Wengine wakapiga makofi. Mzee Rotich hakunitetea wala hakunilaumu. Aliuliza tu kama yule fundi alimaliza maziwa. Nikamwambia alimaliza na akaongeza.

Kisha tukangoja. Nitawaambia ukweli, nilijuta. Kila nilipoingia shambani niliona vile viazi ambavyo havipo. Mume wangu aliacha kunikumbusha, na ukimya wake ulikuwa mbaya zaidi. Siku mnunuzi alipopiga simu kwamba maua yameamka, yamenyooka, yamefunguka kama yaliyokatwa jana, watu waliimba pale bandani, lakini bila chumba cha baridi wimbo huo ulikuwa wa mara moja.

Juzi asubuhi nilikuwa kijitoni, nahangaika kuwasha pampu ya dizeli tunayomwagilia. Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Alikuwa Njeri, amesimama kwenye nyasi zenye umande, vile viatu vyeupe vimekuwa rangi ya udongo wa Mau. Hakupiga simu. Hakupiga hodi. Mkononi alikuwa na pakiti ya sukari.

"Nimekuja kuona ng'ombe," akasema.

Mkopo umepita. Alinieleza hapo hapo, na nilimkumbatia nikampaka grisi. Wakubwa wake walikasirika kuhusu meli, kisha wakauliza imejulikana vipi, naye akawaeleza habari za mama aliyekataa kupiga simu. Kwa hiyo wameongeza sharti. Meli ikibadilishwa tuambiwe kabla maua hayajakatwa, ili tukatae tukitaka. Na mtu wetu ataingia bandarini siku yoyote bila taarifa. Salma mwenyewe amekubali. Nilitaka kukimbia kwenda kumwambia Mzee Rotich.

"Bado," Njeri akasema. "Sharti hilo lina pande mbili. Na sisi tunaweza kufika kwenu hivyo hivyo. Wewe ndio wa kwanza."

Akaanza kutembea. Aliangalia ninapoweka dawa za kunyunyizia. Aliangalia maji. Akarudi kwenye pampu, ambayo wakati huo ilikuwa imewaka na inatoa moshi mweusi kuliko wa ile meli, na mafuta yake yakidondoka kwenye kijito na kwenda zake rangi rangi kuelekea kwa majirani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Na hii ikizeeka," akaniuliza, "itafia wapi?"

Nyuma yake, ndani ya matete, ile pampu yetu ya kwanza imelala pale tulipoitupa, nusu ndani ya maji, na nilijua akigeuka tu ataiona.

"Njoo kwanza unywe maziwa," nikamwambia.